Bamba la Milimita Kumi na Mbili

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Injinia Bokungu ameondoka. Asubuhi nimefika ofisi ya michoro nikakuta kiti chake kimesukumwa chini ya meza, rula zake amezipanga vizuri, na funguo za kabati ameziacha juu ya meza yangu. Mlinzi wa lango ananiambia alipanda treni ya Jumamosi kwenda Ilebo na mke wake na mabegi mawili. Wiki iliyopita mtu alimwandikia ukutani kwake kwa mkaa kwamba ni mpelelezi, kwa kuwa si mtu wa hapa. Mimi na yeye tumekaa chumba kimoja miaka tisa. Hakuniaga.

Nimeduwaa mpaka saa hizi. Élisha, mume wangu, anasema afadhali kuondoka kuliko kukamatwa. Tangu vita vilipoanza tena mwezi wa nane, hapa Kamina watu wanaulizana majina kwanza ndipo wanasalimiana.

Kwa hiyo nimebaki peke yangu. Kazi yangu ilikuwa kuchora, yake kukagua. Sasa nachora, nakagua na kupiga muhuri.

Alhamisi, 8 Oktoba

Komanda wa jeshi hapa mjini ametuma askari na karatasi. Anataka umeme hospitalini kabla mwezi ujao haujafika katikati, maana majeruhi wanaletwa kwa treni kutoka upande wa Kabalo na madaktari wanapasua kwa taa ya mafuta. Sisi wa reli tutajenga kituo kidogo cha umeme nyuma ya atelie, karakana yetu. Zege limeshamwagwa na boliti zimesimama ndani yake tangu mwaka jana. Zimebaki nguzo mbili za chuma za kubeba waya.

Kilichoniangukia mimi ni platine, yaani lile bamba la chuma linalochomelewa chini ya nguzo, lenye matundu manne ya kupitisha boliti. Hakuna atakayeliangalia likishafungwa. Lakini nguzo nzima, waya, upepo na mvua vinasimama juu ya hilo bamba.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli. Ofisi inavuja palepale inapovuja kila mwaka.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimemaliza hesabu. Waya zitatoka kila nguzo pande mbili, upande mmoja kwenda hospitali, upande wa pili kwenda mashini ya kusukuma maji. Zikivutana sawa, nguzo haiinami huku wala kule, unabaki upepo tu. Milimita kumi na mbili zinatosha. Ni bahati, maana chuma kinene kuliko hicho hakipo mji mzima. Tutakata sakafu ya behewa kuukuu.

Nimechora safi. Bokungu angekuwepo angetafuta kosa nusu saa asilione.

Jumanne, 20 Oktoba

Leo nimekasirika. Florent, mkubwa wa mafundi wa kuchomelea, amepanda ofisini bila kuitwa, viatu vina grisi, mkononi kipande cha lile bamba. Ameniambia, "Madame, hii platine iko mwembamba. Itajipinda."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema ameishika. Ameishika! Mimi nimekaa siku mbili na hesabu, yeye ameishika. Nikamtandikia mchoro mezani, nikampa penseli, nikamwambia, "Onyesha hapa. Wapi pamekosewa?" Akautazama mchoro muda mrefu, akatazama dirisha, akairudisha penseli. Akashuka.

Florent ni fundi mzuri akiwa hajanywa, wala sina ugomvi naye. Ila mtu akidai jambo, alionyeshe.

Jumanne, 27 Oktoba

Shule zimefungwa siku mbili kwa sababu askari wanalala madarasani. Élisha amesahihisha madaftari jikoni.

Jumanne, 3 Novemba

Nguzo zimesimama. Nilishuka mara moja tu kuona, kwa sababu ya matope. Zimenyooka, zinapendeza.

Waya wa upande wa mashini ya maji haujafika. Behewa lililoubeba limechukuliwa na jeshi huko njiani. Komanda amesema tufunge upande wa hospitali kwanza, wa pili utafungwa ukija. Nimesaini.

Jumatatu, 9 Novemba

Hospitali ina umeme! Masista wamepiga vigelegele. Daktari ametuma mtu kunishukuru, mimi kwa jina langu. Nimeshindwa kufanya kazi iliyobaki kwa furaha.

Ijumaa, 13 Novemba

Treni ya majeruhi. Mchana kutwa.

Alhamisi, 19 Novemba

Mvua. Upepo umeng'oa bati mbili za kanisa. Waya wa upande wa pili bado.

Jumanne, 24 Novemba

Nguzo imeanguka.

Saa tisa alasiri kulikuwa na upepo ambao sijauona tangu nizaliwe. Nilikuwa nimeshika madirisha ya ofisi kwa mikono miwili. Nikasikia mlio mmoja, si mkubwa, kama mtu amebwaga sufuria, halafu cheche za rangi ya buluu nyuma ya atelie. Nguzo ya kwanza ilikuwa imelala kwenye matope. Ya pili ilikuwa imeinama kama mlevi. Hospitalini walikuwa katikati ya kupasua, wakamalizia kwa taa ya mafuta. Wanasema mgonjwa anaishi. Wanasema.

Nguzo yangu. Nilikuwa nimeichora safi.

Jumatano, 25 Novemba

Askari amekuja anataka ripoti kabla ya saa sita. Palikuwa na matope hadi magotini na waya umetapakaa, hakuna aliyeruhusiwa kusogea. Nimefikiri. Nguzo haianguki kwa bamba, inaanguka kwa boliti kulegea. Nikaandika, "Inaonekana nguzo imeanguka kwa sababu boliti za chini hazikufungwa inavyopasa." Sentensi moja. Nikapiga muhuri.

Alhamisi, 26 Novemba

Wamemkamata Florent.

Siamini ninachoandika. Walikuja atelie askari wanne, wakamtoa mbele ya wenzake, wakamfunga kamba mikono nyuma. Wanasema alilegeza boliti makusudi, ametumwa na waasi kuzima hospitali ya jeshi. Florent! Mtu ambaye amezaliwa nyuma ya gereji ya vichwa vya treni, ambaye hajawahi kufika hata Kabongo.

Mimi sikuandika makusudi. Sikuandika waasi. Nimelitafuta neno hilo katika nakala yangu mara tatu, halimo. Niliandika tu hazikufungwa inavyopasa.

Ijumaa, 27 Novemba

Leo matope yamekauka kidogo, wameniruhusu kusogea. Niliona kwa macho yangu.

Boliti zote nne zimesimama katika zege, zimenyooka, na nati zote nne ziko mahali pake, zimekazwa kabisa. Nilijaribu kuzifungua kwa spana, hazikusogea hata robo. Chini ya kila nati kimebaki kipande cha bamba. Bamba lenyewe limejikunja kama kifuniko cha kopo la sardini, limechanika penye ulehemu, limeondoka na nguzo.

Florent alifunga boliti zake kuliko mtu yeyote angeweza kuzifunga. Kilichovunjika ni changu.

Nilisimama pale hata sijui muda gani. Askari akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumamosi, 28 Novemba

Nimerudia hesabu mara nne tangu asubuhi. Kosa lipo mstari wa kwanza. Nilihesabu waya zinazovutana pande mbili. Tarehe tatu zilifungwa za upande mmoja, na mimi nikasaini. Kwa mvuto wa upande mmoja na upepo juu yake, kilo mia tatu na ishirini, milimita kumi na mbili zinajipinda. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeliona.

Jumapili, 29 Novemba

Nimemweleza Élisha yote baada ya ibada. Élisha anahubiri mara moja kwa mwezi katika kanisa letu la Metodisti, mwezi uliopita alihubiri juu ya ushahidi wa uongo, watu wakalia. Nilidhani atanishika mkono twende wote kwa komanda. Alifunga mlango kwanza, akasema kwa sauti ya chini, "Léonie, weye uko na batoto batatu. Ukisema ni weye, batapata mwasi mwingine. Florent, Mungu atamutetea."

Nilimtazama kama mtu nisiyemjua. Halafu, na hili ndilo linalonitisha zaidi, nikaona nimefarijika.

Jumatatu, 30 Novemba

Mvua. Sikuenda.

Jumanne, 1 Desemba

Mvua. Sikuenda.

Inasemekana Florent atapelekwa Lubumbashi kwa treni ya Jumamosi. Wanaopelekwa hivyo sijasikia hata mmoja aliyerudi.

Jumatano, 2 Desemba

Leo nimepata pigo ambalo sikulitarajia. Mwadi, mke wa Florent, amekuja nyumbani kwangu. Ana mimba kubwa, alikuwa amelowa, na amebeba kuku amefungwa miguu. Nilidhani amekuja kunitukana. Nilikuwa tayari kutukanwa.

Alitaka barua. Alisema, "Mama Léonie, weye njo unajua kuandika muzuri. Uniandikie mukanda ya komanda. Umuambie bwana yangu haiko mwasi. Beye batasikia maneno ya muntu wa masomo."

Hakujua. Hakuna aliyemwambia nani aliandika ripoti. Amekuja na kuku.

Niliandika. Nilikaa mezani kwangu, yeye amesimama nyuma yangu anatazama kalamu inavyokwenda, nikaandika kwamba Florent ni fundi mwaminifu na boliti zake zilikuwa nzima. Nikaandika kila kitu isipokuwa neno moja, kwamba ripoti ni yangu. Nikamrudishia kuku, akakataa, akasema nitamwaibisha. Kuku yuko jikoni, simtazami.

Alhamisi, 3 Desemba

Naandika mapema maana nikichelewa sitaandika kabisa.

Asubuhi Mwadi alipita kunichukua tupeleke barua pamoja, kwa sababu anaogopa askari. Ningeweza kukataa. Tulingoja ukumbini kwa saa mbili. Komanda ni mtu mfupi, ana miwani, anaongea polepole. Alisoma barua mpaka mwisho, akafungua jalada, akatoa karatasi nyingine, akaziweka mbili bega kwa bega. Niliutambua muhuri wangu kabla sijauona vizuri.

Akasema, "Hii ni mukono moja. Ile siku uliandika boliti hazikufungwa. Leo unaandika ziko nzima. Mimi nimwamini Léonie gani?"

Mwadi hajui kusoma. Alinivuta kitenge akauliza, "Anasema nini?"

Ningeweza kumdanganya hata pale. Nilifikiri hivyo, naiandika ili ijulikane. Kisha nikageuka nikamwambia, "Mwadi, ile rapport iliyofunga bwana yako, minyi njo niliiandika. Na haikuwa kweli. Platine ilivunjika, na platine ni kazi yangu."

Alinitazama. Sikuona hasira, na hilo ndilo lililoniua. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amenijulia wapi. Akauliza polepole, "Na mukanda nayo ni weye?"

"Ni minyi."

Alikaza kitenge chake akasogea ukutani, mbali nami.

Nilimweleza komanda hesabu. Hazikumwingia. Akaniambia ameshatuma habari Lubumbashi kwamba amemkamata mharibifu, na hawezi kuwaambia sasa kwamba mharibifu ni hesabu za mama mmoja. Nikamwambia nitamwonyesha bila hesabu. Nitavunja bamba mbele ya macho yake, kwa uzito anaoweza kuuhesabu kwa vidole. Likibeba, anipeleke mimi Jumamosi.

Alifikiri, akavua miwani. Alisema kesho saa nne.

Élisha hajasema nami tangu nimweleze ya leo. Amekwenda kukaa kwa dada yake na watoto.

Ijumaa, 4 Desemba

Nimefanya hivi. Mafundi walichomelea kipande cha nguzo chenye urefu uleule kwenye bamba jipya, chuma kilekile cha behewa, milimita kumi na mbili, matundu yaleyale. Badala ya kukisimamisha tulikilaza, bamba tukalifunga kwa boliti kwenye fremu ya mashini ya kuchongea magurudumu, ambayo haitikisiki, nguzo ikatokeza mbele kama mkono ulionyooshwa. Kwenye ncha tulitundika vipande vya reli. Kila kipande ni mita moja, na mita moja ni kilo arobaini, jambo ambalo mtu yeyote wa reli hapa Kamina analijua, hata watoto wao. Waya wa upande mmoja pamoja na upepo vinavuta vipande vinane.

Atelie yote ilikuja. Wengine walipanda juu ya mabehewa. Komanda aliletewa kiti, akaagiza Florent aletwe. Nilipomwona sikumtambua mara moja. Amekonda kwa siku nane, na mkono wa kulia ameufunga kitambaa, vidole vimevimba vyeusi. Sikuuliza. Mwadi alikuwa upande wake.

Kipande cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Bamba limetulia, na mimi nikaanza kuogopa kwamba litabeba. Sijawahi kuomba kazi yangu ivunjike. Leo niliomba, mdomo ukicheza mbele ya watu wote, na baadhi yao walicheka.

Hesabu yangu ilisema litaanza kujipinda kwenye cha sita. Lilijipinda kwenye cha tano. Liliinuka upande wa juu taratibu, kila mtu akaona. Cha sita kilipotundikwa ulehemu ulitoa ule mlio wa sufuria, na nguzo na reli zote zikaanguka sakafuni. Boliti nne zilibaki kwenye fremu na nati zake.

Nilitazama zile boliti, nikakaa chini kwenye grisi.

Komanda aliinuka, akazigusa boliti moja moja. Alihesabu vipande vya reli mwenyewe, akauliza kwa kutaka kujua kweli, "Sita? Na waya na upepo ilivuta nane?" Nikasema ndiyo. Akawaambia askari wamfungue Florent. Kisha akaniambia Lubumbashi atawaandikia ni upepo, na kwamba nina siku kumi za kuchora nguzo isiyoanguka. Alisema ikianguka hatahitaji ripoti kujua aende nyumba ya nani.

Hakuna aliyeniinua. Niliinuka mwenyewe.

Jumatatu, 7 Desemba

Élisha na watoto wamerudi. Alisema amekosea. Nikasema na mimi. Tumekula pamoja.

Nimemaliza mchoro mpya. Chuma kinene hakuna, basi bamba litabaki lilelile ila nitalipa mbavu, vibamba viwili vya pembetatu vya kushika nguzo na bamba pamoja. Vijiti vya kulehemu vimebaki vichache, mbavu mbili kila nguzo tu. Nimekagua mara sita.

Jumatano, 9 Desemba

Florent amerudi kazini leo. Daktari amemwambia vidole viwili havitakunjika tena. Hatashika tena moto wa kuchomelea, atawaelekeza vijana tu. Nilishuka kumwomba msamaha na niliomba, mbele ya watu. Alisema "eyo", ndiyo ya mtu aliyesikia tu, akaendelea kupanga vyuma. Hakunisamehe na hakunikatalia.

Nikamwomba apande ofisini anikagulie mchoro mpya, maana sina mwingine. Alisimama. Aliwatuma vijana wakachote maji, wote, ndipo aliposema.

"Minyi sijue kusoma plan, madame. Tangu nilianza kazi."

Nilimwambia haiwezekani. Miaka tisa amejenga kila kitu nilichochora.

"Ingénieur Bokungu alikuwa anashuka asubuhi, ananichorea na chaki pa beton. Kubwa, sawa kintu yenyewe. Pale minyi naona. Ile siku ulinipatia crayon, ningekuonyesha na nini? Nilijua na mukono tu." Akautazama mkono wake uliofungwa.

Miaka tisa nilidhani Bokungu anashuka kwenda kunywa kahawa. Nilikuwa nikimcheka kwa Élisha. Yule mtu alikuwa anaibeba kazi yangu ngazi kwa ngazi, kila asubuhi, kwa mtu pekee mjini aliyeweza kuniambia kwamba nitaua watu, na siri hiyo Bokungu hakunitolea kwa sababu hakutaka kumwaibisha Florent. Na tangu Oktoba hakuna aliyeshuka.

Niliomba chaki. Nilipiga magoti sakafuni nikachora bamba kwa ukubwa wake, matundu manne, nguzo katikati, mbavu mbili ubavuni mwake, moja kulia, moja kushoto. Nikachora mshale kuonyesha waya unapovuta, kuelekea hospitali. Ilinichukua robo saa, gauni limechafuka.

Florent alizunguka mchoro mara moja. Akachuchumaa, akafuta mbavu zote mbili kwa kiganja cha kushoto. Kwa chaki, kwa mkono huohuo usiozoea, akazirudisha moja mbele na moja nyuma ya nguzo, juu ya mstari wa mshale.

"Upepo wa hapa na hapa haiko mubaya," alisema akionyesha kulia na kushoto. "Ni waya njo inavuta. Weye umezitia pembeni."

Nilitazama. Mbavu za pembeni zisingezuia nguzo kuinamia upande wa hospitali. Nilikuwa nimekosea tena.